Mwongozo Kamili wa Kupanga Upya Matibabu ya Uzazi Baada ya Kuugua Virusi vya Mlipuko

Wenzi wengi wanaotafuta mtoto hukwama mahali pamoja. Mwanamume anaugua UVIKO-19, homa inakata, na baada ya wiki tatu anapeleka manii maabara. Majibu yanatoka mabaya, nyumba inaingia simanzi, na mara dawa zisizohitajika zinaanza kumezwa. Wengine hukosea upande wa pili: mwanamke mwenye miaka 39 anaahirisha matibabu kwa mwaka mzima akisubiri "mwili usafike", ilhali mayai yake hayamsubiri.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni ratiba iliyopangwa kwa kufuata hofu badala ya kufuata muda ambao mwili wenyewe hutumia kutengeneza mbegu, kukuza mayai na kupona homa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuipanga ratiba hiyo hatua kwa hatua. Umejengwa juu ya UVIKO-19, ugonjwa uliochunguzwa zaidi katika suala hili, na virusi vingine vyenye masharti yake vimetajwa katika hatua ya sita.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari wenu. Kazi yake ni kuwafikisha kwake mkiwa na tarehe, karatasi na maswali sahihi.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja litakalotumiwa na wenzi wote wawili, pamoja na kalenda.
- Kipimajoto.
- Orodha ya dawa zote mlizotumia wakati wa ugonjwa, zikiwemo za kununua wenyewe na za mitishamba.
- Majibu ya vipimo vya kabla ya kuugua: manii, homoni ya AMH (inayoonyesha wingi wa akiba ya mayai) na ultrasaundi ya ovari.
- Kumbukumbu za chanjo.
- Mkataba wa kuhifadhi mayai, mbegu au viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa), kama mnavyo vilivyogandishwa.
- Namba ya simu ya kliniki inayopokelewa hata nje ya saa za kazi.

Msidharau majibu ya zamani. Bila hayo daktari hawezi kutenganisha kilicholetwa na virusi na kilichokuwepo tangu awali, na tatizo la miaka mingi linaweza kubebeshwa ugonjwa wa wiki moja.

Hatua ya 1: Andikeni tarehe tatu

Tarehe ya kwanza ni siku dalili zilipoanza. Ya pili ni siku homa ilipokata kabisa, yaani siku ya kwanza kipimajoto kiliposoma kawaida bila msaada wa dawa ya kushusha homa. Ya tatu ni siku mlipomeza dozi ya mwisho ya dawa za ugonjwa huo. Kila mwenzi aandike zake, kwa sababu mara nyingi hamuugui siku moja.

Tarehe ya pili ndiyo itakayoongoza kipimo cha manii. Tarehe ya tatu inahitajika kwa kuwa baadhi ya dawa za kupambana na virusi zina masharti yake kuhusu mimba. Mfano ulio wazi ni molnupiravir: mwanamke anayeitumia hushauriwa kuzuia mimba wakati wa dozi na kwa siku 4 baada ya dozi ya mwisho, na mwanamume hushauriwa kuzuia mimba kwa angalau miezi 3 baada ya dozi ya mwisho. Wenzi wasiojua hili wanaweza kuanza kutafuta mimba katika wiki ileile wanayotakiwa kujizuia.

Hatua hii imekamilika pale mtu mwingine anapoweza kusoma ukurasa wenu na kueleza ni lini kila mmoja aliugua, alipona na alimeza nini, bila kuwauliza swali.

Hatua ya 2: Ijulisheni kliniki kabla ya kuacha au kuendelea na dawa

Hatua hii inawahusu walio katika matibabu ya IVF, ambayo mayai huchochewa kwa sindano, huvunwa, hurutubishwa maabara, kisha kiinitete hupandikizwa kwenye mfuko wa uzazi. Kama ugonjwa umewakuta kabla ya kuanza sindano za kuchochea mayai, jambo ni jepesi: mzunguko wa matibabu husogezwa mbele hadi mwanamke apone. Ugumu unakuja ugonjwa unapoingia katikati. Uchochezi huchukua kwa kawaida siku 8 hadi 14, kisha hutolewa sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, na mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baadaye.

Kabla ya sindano hiyo ya mwisho, daktari bado anaweza kuusitisha mzunguko kwa usalama. Baada yake mambo hubadilika, kwa kuwa mayai yameshaamriwa kukomaa na ovari zimejaa. Mara nyingi madaktari huona ni salama zaidi kuyavuna kwa tahadhari za kuzuia maambukizi, kugandisha mayai au viinitete vyote, na kuahirisha upandikizaji, kuliko kuziacha ovari hizo zikiwa zimevimba.

Sababu nyingine ni damu. Dawa za uchochezi zinaweza kuzivimbisha ovari kupita kiasi, na hali hiyo ikiwa kali huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. UVIKO-19 nao huongeza hatari hiyohiyo. Mambo haya mawili yasikutane mwilini bila daktari kujua.

Onyo: mwanamke aliye katika uchochezi, au aliyetoka kuvunwa mayai, akivimba tumbo kwa haraka, akitapika mfululizo, akipata mkojo kidogo, akiumwa mguu mmoja au akikosa pumzi, aende hospitali siku hiyohiyo. Asiseme ni dalili za virusi tu zitakazopita zenyewe.

Msiache sindano kimyakimya, wala msifiche matokeo ya kipimo cha virusi kwa kuogopa kuahirishiwa. Naelewa uchungu wa kuahirishiwa mzunguko uliogharimu fedha na machozi, lakini daktari asiyejua ukweli hawezi kumlinda mwanamke aliyelala kwenye meza yake.

Hatua ya 3: Hesabuni siku za mwanamume, kisha pimeni manii

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pote, kwa hiyo tukae hapa.

Mbegu inayotoka leo haikutengenezwa leo. Korodani hutumia takriban siku 74 kuitengeneza, kisha mbegu hupita katika mrija wa kukomazia kwa siku kadhaa zaidi kabla ya kuwa tayari. Kwa ujumla ni kama miezi 3. Korodani nazo zinahitaji joto la chini kidogo kuliko la mwili, na ndiyo maana zimening'inia nje. Homa kali ya siku chache huwaunguza, kwa namna ya kusema, wafanyakazi wote wa kiwanda hiki kwa pamoja, na hasara haionekani siku hiyo bali wiki kadhaa baadaye, mbegu zilizokuwa katikati ya kutengenezwa zinapotoka. Haijalishi sana homa ilitokana na virusi gani. Joto lenyewe linatosha kupunguza idadi ya mbegu na mwendo wake.

Kwa UVIKO-19, virusi vyenyewe ni nadra kukutwa kwenye manii. Kinachoonekana zaidi ni kushuka kwa ubora wa mbegu kwa muda, ambako kwa wanaume wengi hurekebika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wakitafuta mimba Marekani na Kanada, ulikuta kwamba uwezekano wa kupata mimba ulipungua pale mwanamume alipokuwa ameambukizwa ndani ya siku 60 zilizotangulia, na kwamba upungufu huo haukuonekana baada ya muda huo kupita.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chukueni tarehe homa ilipokata, mhesabu siku 90, na muweke kipimo cha manii siku hiyo au baada yake. Homa ikikata tarehe 3 Machi, kipimo kifanyike kuanzia tarehe 1 Juni. Kama mwanamume hakuwa na homa kabisa, mwulizeni daktari kama kuna haja ya kusubiri muda wote huo.

Siku ya kipimo, zingatieni haya:

- Mwanamume awe hajatoa manii kwa siku 2 hadi 7. Chini ya hapo kiasi hupungua. Zaidi ya hapo mwendo wa mbegu hushuka.
- Manii yote yakusanywe chomboni. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, na ikimwagika kipimo hakina maana.
- Yasitumike mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa kuwa vinadhuru mbegu.
- Yakikusanywa nyumbani, yafike maabara ndani ya saa moja, yakiwa karibu na mwili na si kwenye barafu wala juani.

Majibu yakitoka, yalinganisheni kwanza na majibu ya kabla ya kuugua, kisha na viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021: ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla ya mbegu milioni 39, mbegu zinazosonga asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, na zenye umbo la kawaida asilimia 4. Namba hizi zilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wenzi wao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 5 ya wanaume hao walikuwa chini ya viwango hivyo. Hazitenganishi mgumba na mwenye uwezo wa kuzaa. Aliye chini yake kidogo bado anaweza kumpa mwenzake mimba, na aliye juu yake hajahakikishiwa lolote.

Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kutoa uamuzi. Rudieni baada ya wiki kadhaa kama daktari atakavyoelekeza. Lakini maabara isipoona mbegu hata moja, au mwanamume akiwa na maumivu au uvimbe wa korodani, msihesabu siku 90. Muoneni daktari mara moja.

Onyo la mwisho katika hatua hii nalitoa kwa msisitizo. Baada ya kuugua, wanaume wengi hubaki na uchovu na kupungukiwa hamu, wakashawishiwa kutumia sindano au jeli ya testosteroni. Testosteroni kutoka nje huiambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha, ubongo ukaacha kuziamrisha korodani, na uzalishaji wa mbegu unaweza kusimama kabisa. Mwanamume anayetafuta mtoto asiitumie bila daktari wa uzazi kujua.

Mkifika mwisho wa hatua hii mtakuwa na karatasi mbili mezani, ya kabla na ya baada, zilizopimwa kwa masharti yaleyale na ikiwezekana katika maabara ileile.

Hatua ya 4: Mwanamke afuatilie hedhi, kisha apime akiba ya mayai

Upande huu una mambo machache zaidi. Ugonjwa, kupungua uzito na msongo wa mawazo vinaweza kuchelewesha hedhi kwa mzunguko mmoja au miwili, na kwa kawaida hurudi katika mpangilio wake. Andikeni siku ya kwanza ya kila hedhi kwa mizunguko miwili au mitatu. Hedhi ikichelewa, kipimo cha kwanza ni cha mimba. Ikikosekana kwa miezi 3, daktari ahusishwe.

AMH inaweza kupimwa siku yoyote ya mzunguko, ila dawa za homoni za kuzuia mimba huweza kuishusha kwa muda, kwa hiyo mpimaji aelezwe kama zinatumika. Kiwango chake huonyesha wingi wa akiba ya mayai. Hakisemi kitu kuhusu ubora wake, nao ubora huongozwa zaidi na umri. Jibu la chini lililopatikana baada ya kuugua lilinganishwe na la zamani kabla ya kuwalaumu virusi, kwa sababu AMH hushuka pia kadiri miaka inavyopita.

Anzeni pia asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Kipindi cha kusubiri ni nafasi nzuri ya kulitimiza hili.

Hatua ya 5: Malizeni suala la chanjo kabla ya uchochezi

Watu wengi walikimbia chanjo ya UVIKO-19 kwa kuambiwa inafunga kizazi. Utafiti uleule wa Boston haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo na kupungua kwa uwezekano wa kupata mimba, si kwa wanawake wala kwa wanaume. Uchunguzi wa manii kabla na baada ya chanjo, uliochapishwa mwaka 2021, nao haukuona mbegu zikipungua. Mabadiliko ya hedhi yaliyoonekana yalikuwa madogo na ya muda, kwa wastani chini ya siku moja katika kila mzunguko wa hedhi ambao chanjo ilitolewa.

Kinyume chake, ugonjwa wenyewe ukimkuta mwanamke akiwa mjamzito huongeza hatari ya kulazwa mahututi, kujifungua kabla ya wakati na mtoto kufia tumboni. Ndiyo maana napendelea suala hili limalizwe mapema, mimba isije ikakuta kinga haijajengeka.

Msipange chanjo ndani ya siku chache kabla au baada ya kuvuna mayai au kupandikiza. Chanjo haidhuru yai. Tatizo ni kwamba homa yake inaweza kuchanganywa na homa ya maambukizi yanayotokana na upasuaji, daktari akashindwa kujua anatibu nini.

Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ile ya surua na rubela, zina sharti tofauti: baada ya kuchanjwa, mwanamke asubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Hatua ya 6: Angalieni kama virusi vyenyewe vina sharti lake

Msichukue ratiba ya ugonjwa mmoja mkaitumia kwa mwingine. Zika huambukizwa kwa kujamiiana na huweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Mwanamume aliyeambukizwa au aliyetoka eneo lenye maambukizi hushauriwa kusubiri miezi 3, na mwanamke miezi 2, kabla ya kutafuta mimba. Virusi vya Ebola hubaki kwenye manii kwa miezi mingi baada ya mwanamume kupona, na kwa hiyo manii hupimwa hadi majibu mawili yatoke bila virusi. Vipimo visipopatikana, tahadhari huendelea kwa angalau miezi 12. Matubwitubwi yakimpata mwanamume aliyebalehe yanaweza kuvimbisha korodani na kuacha athari ya kudumu, na huyo anahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi kuliko kalenda ya siku 90.

Hatua ya 7: Chagueni kati ya kuanza, kusubiri na kugandisha

Sasa ndipo uamuzi unapofanywa, na kipimo chake kikuu ni umri wa mwanamke. Mwenye miaka 29 na akiba nzuri ya mayai hapotezi kitu kikubwa akisubiri siku 90 ili mbegu za mwenzake zipone. Mwenye miaka 40 anaweza kupoteza mengi, na kwake kungoja manii yawe kamili huenda kukawa na gharama kubwa kuliko upungufu wa manii yenyewe.

Kwa huyu wa pili zipo njia. Mbegu zilizogandishwa kabla ya ugonjwa zinaweza kutumika. Kama hazipo, maabara inaweza kuchoma mbegu moja ndani ya kila yai, njia isiyohitaji mbegu nyingi. Anaweza pia kuvunwa mayai mara tu anapopona, mayai au viinitete vikagandishwa, na upandikizaji ukafanywa baadaye. Mwulizeni daktari waziwazi: "Tukisubiri miezi 3, tunapoteza nini na tunapata nini?" Asiyeweza kujibu kwa kutumia umri na vipimo vyenu hajawasaidia bado.

Uvunaji hufanywa kwa dawa ya usingizi, kwa hiyo daktari wa usingizi aelezwe tarehe ya ugonjwa na dalili zilizobaki, hasa kukosa pumzi na maumivu ya kifua. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu siku ya kulazwa mezani.

Mmefaulu hapa mkiwa na uamuzi mmoja ulioandikwa, sababu yake, na tarehe ya kuupitia tena. "Tutaona hali ikitulia" haina tarehe, na wenzi wengi wamepotelea humo.

Hatua ya 8: Jiandaeni kwa kliniki kufungwa

Jambo hili limeshatokea. Machi 2020 jumuiya za wataalamu wa uzazi za Ulaya na Marekani zilishauri mizunguko mipya isianzwe. Nchini Uingereza msimamizi wa kliniki hizo aliagiza matibabu yaliyokuwa yakiendelea yamalizwe kufikia tarehe 15 Aprili, na kliniki zikaruhusiwa kuomba kufungua tena kuanzia tarehe 11 Mei. Waliokuwa na dharura, kama wagonjwa wa saratani wanaohitaji kuhifadhi mayai au mbegu kabla ya matibabu yao, waliachiwa nafasi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mzunguko, pateni majibu ya maandishi kwa maswali haya: mzunguko ukisitishwa na serikali au kliniki, fedha na dawa zilizonunuliwa zinakwenda wapi? Nani anapewa kipaumbele kliniki ikifunguliwa? Je, waliokaribia kikomo cha umri cha kliniki au cha bima wataongezewa muda?

Walio na viinitete, mayai au mbegu kwenye hifadhi wana swali moja zaidi, nalo ndilo zito. Vitu hivyo hukaa ndani ya nitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo vinaweza kusubiri miaka mingi bila kuharibika. Lakini nitrojeni huvukiza kila siku na lazima iongezwe. Ulizeni ni nani atakayeiongeza wafanyakazi wakiugua au wakizuiwa kutoka nyumbani, kama tangi lina kengele ya kuonya kiwango kikishuka, kengele hiyo inamfikia nani usiku, na kama kuna msambazaji wa pili iwapo wa kwanza atashindwa kuleta. Andikeni majibu pamoja na jina la aliyeyatoa na tarehe, kisha hakikisheni mkataba wenu wa hifadhi hauishi muda wake katikati ya mlipuko na kwamba anwani na simu zenu zilizopo kliniki ni za sasa.